Kikohozi Chini ya Kengele

Waliofukuzwa kwanza ni kuku. Asubuhi ya Krismasi, misa ya alfajiri ikiwa imetoka kwisha, askari wawili wa Kiingereza walikuwa juu ya paa la Mama Saliba wakikimbizana na matembe wake, na jogoo alikuwa ameshatupiwa uani kwa jirani. Mama Saliba alisimama kwenye ngazi, ameshika pindo la gauni lake lililodariziwa, akawatazama. Paa alikuwa amelitoa mwenyewe.

Juma lililopita alikuja bwana mmoja kutoka redio ya Yerusalemu, amevaa tarbushi na koti la mvua. Akaeleza kwa adabu kwamba katika Bethlehemu nzima hakuna paa lililotazamana na mnara wa kengele kama lile, na kwamba siku ya Krismasi kengele zile zitasikika London, na kutoka London zitarushwa duniani kote, ili askari walio vitani wazisikie. Mama Saliba alimwuliza jambo moja tu.

"Na Chile je?"

"Chile, mama?"

"Chile. Ng'ambo. Alikokwenda mwanangu."

Yule bwana, aliyeitwa Fuad, alifikiri kidogo akasema masafa mafupi yanafika popote, hata Chile yatafika, Mungu akipenda. Basi Mama Saliba akalitoa paa. Hakumwuliza hata mumewe, aliyekuwa amelala chumbani humo humo akiwasikiliza.

Sasa jirani yake, Mama Nikola, alichomoza kichwa juu ya ukuta, jogoo kwapani.

"Mama Saliba, huyu kaniangukia kama askari wa miavuli. Nimteke au nimrudishe?"

"Mfunge huko huko mpaka jioni. Huku hawataki kelele."

"Hawataki kelele, na mabuti yao yanatwanga kama mnachinja ngamia huko juu? Haya. Leo wewe ndiye jemadari, sisi raia tunatii."

Mama Saliba alitabasamu kidogo. Akaingia ndani, akamimina chai ya majani ya mlimani katika vikombe, sukari ya mgao akaikwangua chini ya kopo yote, na kwenye sinia akapanga biskuti za tende ambazo Afifa, binti yake, alizipika usiku wa kuamkia jana. Akapanda juu. Askari walichukua biskuti kwa mikono yenye grisi, wakatikisa vichwa kumshukuru. Bwana Fuad alikuwa amepiga magoti penye ukingo wa paa, akifunga waya kwenye kichuma kirefu chenye maikrofoni juu yake, kimeelekezwa mnarani.

"Bwana Fuad, nina ombi."

"Sema, mama."

"Kabla kengele hazijalia, patakuwa na mtu wa kusema maneno?"

"Atasema kapteni. Maneno machache, kwa Kiingereza."

"Akishamaliza, nami niseme langu. Neno moja tu. Niseme, Saliba mwanangu, sisi tupo. Basi."

Bwana Fuad aliacha waya akamtazama. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho ya kuchoka. "Mama, haiwezekani. Kila neno litakalosemwa hapa leo limeandikwa, likapelekwa kwa mkaguzi, likapigwa muhuri. Hata kapteni akikosea akaongeza lake ataulizwa. Wanaogopa mtu atatoa habari kwa adui."

"Habari gani niliyo nayo mimi? Kwamba bei ya mafuta imepanda?"

"Hata hiyo."

Mama Saliba alikusanya vikombe. Hakukasirika. Tangu vita vianze barua za Chile zilikuwa zimekatika. Ya mwisho ilisema Saliba amefungua duka la vitambaa na anatafuta mke, kisha bahari ikafungwa. Saliba hakujua kwamba karakana ya chini imefungwa, wala kwamba baba yake, aliyekuwa akichonga misalaba na rozari za maganda ya chaza tangu akiwa mtoto, vumbi la chaza limemjaa mapafuni na sasa hawezi hata kuvuka chumba bila kushikwa mkono. Mara mbili walikuwa wamejaribu kumwandikia kupitia kwa watu, na mara zote mbili barua zilirudi.

*

Mchana, baada ya mvua kidogo, walijaribu mitambo. Kapteni alikuwa amefika: kijana mrefu, mwekundu wa pua kwa baridi, mwenye karatasi yake mfukoni. Alivaa vile vidude vya kusikilizia masikioni, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Ni nini hiyo?"

Bwana Fuad naye akavaa vyake akasikiliza. Uso ukamshuka. Chini ya miguu yao kulikuwa na kuba la chumba, na kwenye kuba kulikuwa na tundu la kutolea moshi wa jiko la makaa. Katika tundu hilo kilipanda kikohozi, kirefu, cha kukwaruza, kikatulia, kikaanza tena. Maikrofoni ilikuwa inakichukua chote na kukipeleka Yerusalemu.

Walishuka wote wawili. Jadallah, mume wa Mama Saliba, alikuwa ameegemea mito, shuka limevutwa hadi kifuani, mikono yake mikubwa yenye makovu ya patasi imelala juu yake kama vitu vya mtu mwingine. Mama Saliba alisimama upande mmoja wa kitanda na Afifa upande wa pili. Kapteni hakuvuka kizingiti. Alisema maneno machache kwa haraka akimtazama Fuad.

"Kapteni anampa mzee pole," Fuad alisema kwa Kiarabu. "Anauliza kama kuna chumba kingine ambako mzee angepumzika vizuri zaidi, kwa saa hizi chache tu."

"Hakusema hivyo," alisema Afifa.

Alikuwa amesoma kwa masista, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha Fuad. Mama yake akamgeukia.

"Kasemaje?"

"Kasema, huyo mzee aondolewe. Popote, yeye hajali. Kasema hakuja kuwasikilizisha wanajeshi kifua kikuu siku ya Krismasi."

Kapteni, ambaye hakuelewa Kiarabu, alizielewa nyuso zao, akaitazama saa yake, akageuka akapanda juu.

"Si kifua kikuu," alisema Jadallah kwa sauti ndogo. "Ni vumbi. Mwambieni ni vumbi la kazi."

"Najua, mzee," alisema Fuad. Alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa karibu, akavua tarbushi. "Nisamehe. Nilitaka neno lifike likiwa limelainika."

"Limefika lilivyo," alisema Mama Saliba. "Sasa wewe niambie nimpeleke wapi. Chini karakanani kuna unyevu, na vumbi lenyewe bado limo ukutani. Daktari alisema akishuka huko hatapanda tena. Kwa Mama Nikola ni kushuka ngazi zote zile na kupanda nyingine, mvua imelowesha mawe. Siku ile tulipombeba kwenda kuungama alizimia njiani. Mtu mwenye nyumba, siku ya Krismasi, abebwe kama gunia atolewe kwake ili kengele zisikike vizuri?"

"Mama, mimi nina watoto watano," alisema Fuad. "Paa hili nililichagua mimi. Nikaandika kwamba ni mahali pa kimya. Kikohozi hiki kikisikika London, kesho sina kazi."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake mvua itanyesha. Jadallah alimtazama kwa muda.

"Wewe ni fundi?" alimwuliza.

"Fundi wa sauti, ndiyo."

"Na mimi fundi. Sijaharibu kazi ya fundi mwenzangu hata siku moja. Itachukua muda gani hiyo shughuli?"

"Kapteni atasoma, muda wa kusali Baba Yetu mara tatu hivi. Kisha kimya kidogo. Kisha kengele."

"Basi sitakohoa."

"Mzee, kikohozi si kitu cha kuahidi."

"Mwambie bwana wako nimeondoka."

Fuad aliinamisha kichwa, akaizungushazungusha tarbushi mkononi. Mwishowe alisimama. Kutoka chini walimsikia akimwambia kapteni kwa Kiingereza, na Afifa akawatafsiria kwa kunong'ona: kasema mgonjwa amehamishwa, mambo yote sawa.

*

Jioni ilipokaribia, Afifa alipanda juu ya meza akaziba tundu la kuba kwa blanketi lililokunjwa. Jiko la makaa walilitoa nje, moshi usimchokoze mgonjwa, na chumba kikapoa. Mama Saliba alimpa mumewe asali na maji ya uvuguvugu, akamfunga kifua kwa shali lake la sufu. Jadallah hakuzungumza, alikuwa akijiwekea pumzi. Alitazama ukutani kwenye picha ya Bikira iliyochongwa kwa ganda la chaza, kazi aliyoifanya na Saliba pamoja, mtoto akisugua na baba akichora.

Nje vijia vilikuwa vimejaa watu. Askari wa Australia, wa India, wa Ugiriki waliokuwa wakitangatanga na kununua rozari walisimamishwa na polisi wasipige kelele. Kisha mji mzima ukanyamaza, na kutoka juu wakasikia hatua za kapteni akisogelea maikrofoni, akasafisha koo.

Akaanza kusoma. Kupitia blanketi sauti yake ilikuja kama ya mtu anayesemea kisimani.

Mama Saliba alikuwa amekaa kitandani, mkono wake umelala juu ya mkono wa mumewe. Alipousikia ule mkono ukijikunja ngumi alijua kikohozi kimekuja. Jadallah alikaza meno. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alivuta kona ya shuka akaiuma. Na hapo ndipo Mama Saliba alipofikiri jambo ambalo mchana wote lilikuwa likimzunguka bila kukaa: kwamba sauti inayotoka humu chumbani inakwenda. Inapanda tunduni, inaingia kwenye kichuma, inakwenda London, inakwenda Chile. Neno lake yeye limekataliwa. Lakini kikohozi hakipigwi muhuri na mkaguzi. Na Saliba angekijua kikohozi cha baba yake mahali popote, hata kabla ya ugonjwa, maana tangu zamani Jadallah alikuwa akikohoa mara mbili kila alipopanda kutoka karakanani, na watoto walikuwa wakikisikia wakaficha michezo yao.

Akainuka. Akapanda juu ya meza.

"Mama," alinong'ona Afifa. "Mama, unafanya nini?"

Mama Saliba alilivuta blanketi kutoka tunduni. Sauti ya kapteni iliingia chumbani ghafla, wazi, karibu kabisa, pamoja na baridi na mwanga wa mwisho wa siku. Akashuka, akarudi kitandani, akainama hadi midomo yake ikamgusa mumewe sikioni.

"Kohoa," alimwambia. "Mara moja tu, Baba Saliba. Atakujua. Atajua tupo."

Jadallah alimtazama. Macho yalikuwa yamejaa maji kwa kujibana. Alitikisa kichwa kukataa.

"Usimfikirie yule bwana. Atapata kazi nyingine. Kohoa."

Akatikisa kichwa tena, polepole, naye akauinua mkono wake mzito akaufunika mdomo, juu ya shuka, juu ya vyote. Afifa alikuwa amesimama kati ya meza na kitanda, hajui amfuate nani. Angeweza kupanda akaziba tundu. Hakupanda. Baadaye aliungama kwamba hata yeye, kwa kitambo kile, alitaka baba akohoe.

Juu, kapteni alimaliza. Kikafuata kile kimya alichokitaja Fuad. Kilikuwa kirefu. Mahali fulani mbwa alibweka mara moja akanyamazishwa. Jadallah alikuwa amegeuka rangi, kifua kinaruka bila sauti, magoti yamejikunja chini ya shuka, na Mama Saliba hakumwambia tena akohoe. Alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Alitaka sasa jambo moja tu, kengele zilie.

Kengele ya kwanza ikalia, peke yake. Ya pili ikajibu. Jadallah bado alishikilia. Alingoja mpaka ile kubwa ilipoingia na zote zikaanza kugongana kwa pamoja, mpaka vikombe vikatetemeka kwenye sinia, na hapo ndipo alipojiachia. Alikohoa chini ya kengele, akakohoa, na hata mkewe aliyekuwa amemkumbatia hakumsikia, aliuhisi tu mwili ukigonga mwili wake. Kwenye shuka ilibaki damu.

Kengele zilipotulia kidogo Jadallah alivuta pumzi akasema, "Unadhani sikutaka?"

"Basi kwa nini?"

"Saliba aliponiacha nilikuwa nimesimama mlangoni na gunia la chaza begani. Nililibeba hivyo makusudi, ili anione nalo." Akapumzika. "Anijue hivyo hivyo."

*

Askari walikuwa wanakunja nyaya. Mama Nikola alikuwa ameshamrudisha jogoo, akasema ukutani kwamba kengele ni zile zile za kila siku, haoni kwa nini London wasumbuke. Mama Saliba alikuwa akibadilisha shuka mlango ulipobishwa. Alikuwa kapteni, kofia mkononi, na nyuma yake Fuad akijaribu kumzuia kwa adabu. Kapteni alitaka kumshukuru mwenye nyumba.

Akamwona Jadallah. Akaliona shuka lililorundikwa sakafuni. Akalitazama tundu la kuba, lililo wazi, kisha akamgeukia Fuad.

"Alikuwa humu?"

"Ndiyo, bwana."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Afifa hakuwatafsiria wazazi wake, hakukuwa na haja. Kapteni alibaki amesimama. Alikuwa kijana kuliko walivyomdhania asubuhi, pengine wa umri wa Saliba. Safari hii alivuka kizingiti. Alijipapasa mifuko kama mtu anayetafuta funguo, akatoa kopo la sigara ambalo halijafunguliwa, akaliweka kitandani karibu na mkono wa Jadallah. Alipokwisha kuliweka ndipo alipotambua alichokifanya, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Jadallah alilichukua kopo, akaligeuza, akaupapasa mfuniko kwa kidole gumba kama alivyozoea kupapasa ganda. "Mwambie ni bati zuri," alimwambia Afifa. "Na mama yako ampe kahawa."

Kahawa haikuwapo, alipewa chai. Aliinywa akiwa amesimama, bila sukari, akaimaliza. Kisha akasema jambo, na mara hii Fuad alilitoa lilivyo: anauliza kama kuna lolote anaweza kuwafanyia.

Mama Saliba alikuwa tayari. "Ana simu za maandishi za jeshi. Zinavuka bahari, si kama barua zetu. Apeleke moja Chile."

Kapteni alifikiri. Alisema haitakuwa ndefu, na itasomwa na wakaguzi, lakini inawezekana, ataiombea ruhusa mwenyewe. Fuad alitoa kalamu na kipande cha karatasi, akaweka karatasi juu ya goti. Afifa alitaja anwani ya duka, aliyoijua kwa moyo.

"Haya, mama. Maneno machache."

Mama Saliba alikaa kitandani. Siku zote hizi alijua atakachosema akipewa nafasi: baba yako mgonjwa, rudi ukiweza, tuandikie. Maneno yalikuwa mdomoni. Akamtazama mumewe, lakini Jadallah alikuwa ameuelekeza uso ukutani, hamwombi kitu, hamkatazi kitu, na kile kifua kilichozingoja kengele kikipanda na kushuka chini ya shali lake.

"Andika," alisema. "Saliba mwanangu. Sote wazima. Afifa anakusalimu." Akalivuta shali kifuani kwa mumewe. Fuad alingoja. "Baba yako yuko karakanani. Anafanya kazi."

Fuad aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akayarudisha, akaandika.

*

Jibu lilifika mwishoni mwa Januari, likaletwa na Fuad mwenyewe, ambaye alikuwa bado na kazi yake. Afifa alilisoma kwa sauti. Saliba alisema ameoa, duka linakwenda, anamshukuru Mungu kwa habari zao. Kengele hakuzitaja, pengine hakuzisikia kabisa. Mwishoni aliongeza: mwambieni baba umri unakwenda, apunguze kazi.

"Soma hapo tena," alisema Jadallah.

Afifa akasoma tena.

"Umesikia, Mama Saliba? Nipunguze kazi." Alicheka, na kicheko kikamchosha, akalala usingizi karatasi ikiwa kifuani.

Walimzika kabla Kwaresima haijaanza. Mama Saliba alikwenda kwa mwandishi wa barua sokoni, hakutaka Afifa ndiye aiandike hiyo, akamwambia mwanawe yote: vumbi, kitanda, shuka, siku aliyofariki na waliombeba. Barua ile ilipanda meli, ikashushwa mahali, ikapandishwa nyingine, ikachukua muda mrefu sana kufika, na kwa miezi yote hiyo, huko Chile, kwa Saliba, Jadallah aliendelea kufanya kazi.